Draya ya nguo kwenye nyumba iliyozibwa vizuri: kabla hujatoboa ukuta pita hapa kwanza (uzi mrefu)

#1 PanganiMN

Wakuu habari za saa hizi. Hii mada nimekaa nayo tangu Januari, leo nimeamua niiandike yote, maana naona watu wetu wengi huku Minnesota wananunua nyumba sasa hivi, na wakishanunua wanaita mafundi wazibe nyufa, waongeze insulesheni darini, wabadilishe madirisha ili bili ya baridi ishuke. Vizuri kabisa, na mimi nilifanya hivyohivyo. Ila hakuna mtu aliyeniambia habari ya draya, na kidogo tu tungelala tusiamke, mimi na mke wangu na watoto watatu. Sisemi kutisha watu, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nyumba yetu ni ya 1974, ukijumlisha na besimenti (vyumba vya chini ya ardhi) ni futi za mraba 1,800, kama mita za mraba 167 hivi. Tulipoingia ilikuwa inapitisha upepo kama banda. Kabla ya kazi walikuja wapimaji wakafunga ile feni kubwa mlangoni, wakavuta hewa mpaka presha ya ndani ikawa chini ya ile ya nje kwa Paskali 50 (Paskali ni kipimo cha presha), wakasema hewa yote ya nyumba inabadilika mara 5 kwa saa kwenye huo mvuto. Tukavua mbao zote za nje, tukaweka povu, madirisha mapya, dari ikajazwa, na tukafungiwa mashine ya kubadilisha hewa, ile inayotoa hewa chafu nje huku inabakiza joto lake ndani. Walipopima tena ikatoka mara 1.4. Nilifurahi sana siku hiyo. Tanuru la kupasha nyumba nalo tulibadilisha, likawa lile linalovuta hewa yake moja kwa moja kutoka nje kwa bomba. Lakini hita ya maji tuliiacha ileile ya zamani, ya gesi, ambayo moshi wake unapanda wenyewe tu kwenye bomba bila feni. Hela ilikuwa imeisha, tukasema itasubiri mwaka kesho.

Sasa siku yenyewe. Jioni, nje ni nyuzi 24 chini ya sifuri, draya inazunguka besimenti na mzigo wa taulo, mke wangu amewasha feni ya jikoni anakaanga samaki. Akachoma udi sebuleni kuondoa harufu. Mimi nimekaa kwenye kochi naangalia ule moshi. Haukupanda. Ulilala, ukatambaa juu ya zulia, ukaenda moja kwa moja kwenye mlango wa besimenti ukapita chini yake, mwembamba kama uzi. Nikajiuliza huu moshi unaenda wapi huko chini, lakini sikunyanyuka. Baada ya kama nusu saa kengele ya kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, iliyoko nje ya chumba cha watoto ikaanza kulia.

Tukatoka hivyohivyo na mablanketi, watoto miguu mitupu mpaka kwenye gari, tukapiga 911. Zimamoto wakaja na kipimo. Mmoja wao akashuka, mimi nyuma yake, akatoa kioo kidogo akakishika pale juu ya hita ya maji, kwenye kile kikofia ambapo bomba la moshi linaanzia. Kioo kikajaa ukungu papo hapo. Maana yake moshi wote wa ile hita ulikuwa unamwagika humo chumbani badala ya kupanda. Akazima draya, akafungua dirisha la besimenti, akakifuta kioo, akakirudisha palepale. Kikabaki kikavu. Nilisimama pale nikiwa siamini, yaani mashine ya kukaushia taulo ndiyo ilikuwa inashusha moshi wa hita ya maji mpaka vyumbani.

Naendelea chini na hesabu, maana bila hesabu haya yanabaki maneno.

#2 PanganiMN

Draya ya venti ni feni, hiki ndicho kitu nilichokuwa sikijui. Tunaiona kama mashine ya joto lakini kazi yake kubwa ni kuvuta hewa ya chumbani, kuipasha, kuipitisha kwenye nguo ibebe maji, halafu kuitupa nje yote, na joto lake lote. Kanuni za ujenzi za Minnesota, kwenye ile hesabu ya hewa ya kufidia (hewa inayoingizwa badala ya ile inayotolewa), draya inaandikwa futi za ujazo 135 kwa dakika. Hiyo ni kama mita za ujazo 3.8 kila dakika. Mzigo wangu wa taulo na jinzi ulikuwa unachukua dakika 50, piga mwenyewe, mita za ujazo 190. Nyumba yangu yote na besimenti yake ina kama 420. Kwa hiyo kila mzigo mmoja nilikuwa natupa nje karibu nusu ya hewa ya nyumba nzima, hewa ambayo nimeshailipia kuipasha.

Na hewa ikitoka lazima nyingine iingie. Kama nje ni 20 chini ya sifuri na ndani unataka 21, kuipasha ile mita 190 inayoingia ni kama uniti 2.6. Draya yenyewe ya zamani ilikuwa inakula kama uniti 3 kwa mzigo. Kwa hiyo ule mzigo nilioufikiria wa uniti 3 kumbe kwenye baridi kali ni karibu wa uniti 6, nusu yake imejificha kwenye bili ya kupasha nyumba, huioni. Na Julai ni kinyume chake, inavuta joto na unyevu wa nje viingie ndani halafu kiyoyozi kihangaike navyo.

Hapo ni hela tu. Suala la usalama namwachia FundiJoto, tuliongea naye kwa simu wiki ileile, yeye ndiye aliyenifungua macho.

#3 KigamboniMoja

Pole sana mkuu, Mungu mkubwa. Samahani mimi niko Dar, labda swali langu la kijinga, kwa nini msianike tu? Hapa nguo ukianika saa nne, saa nane unaanua.

#4 PanganiMN

Si la kijinga hata kidogo mkuu, na mimi ndilo lilikuwa wazo langu la kwanza. Nje kuanzia Novemba mpaka Machi nguo inaganda kwenye kamba, shati linasimama kama ubao. Ndani inawezekana na tunafanya, tena kwenye nyumba yenye ile mashine ya kubadilisha hewa inafanya kazi vizuri kwa sababu hewa ya huku wakati wa baridi ni kavu mno, midomo inapasuka. Tatizo ni wingi. Mzigo mmoja ukitoka kwenye mashine ya kufulia una lita 3 mpaka 5 za maji, na sisi watu watano tunafua mizigo sita kwa wiki. Ukianika yote ndani kwa siku moja maji yanakwenda kwenye vioo vya madirisha, yanachuruzika, pembe za ukuta zinaota ukungu mweusi. Mzigo mmoja kwa siku sawa. Mitatu hapana.

#5 FundiJoto

Wakuu salaam. Nafanya kazi ya tanuru na mabomba ya hewa hapa St. Paul, niongezee kwa alichosema PanganiMN.

Nyumba ikiwa inavuja, draya ikitoa hewa, nyingine inaingia kwenye nyufa mia mbili na hakuna anayejua. Ukiziba nyufa, draya haijui kwamba umeziba, inaendelea kuvuta kilekile. Niliipigia hesabu nyumba yake. Kabla ya kuziba, draya peke yake ilikuwa inashusha presha ya nyumba kwa kiasi kisichofika Paskali 2. Baada ya kuziba, draya ileile, bila feni ya jikoni, inaishusha kwa karibu Paskali 12. Sasa hita ya maji ya aina ile, iliyobaki peke yake kwenye bomba la moshi, wapimaji tunaikubalia presha ishuke mwisho Paskali 2. Moshi wa hita unapanda kwa sababu ni wa moto na mwepesi tu, nguvu yake ndogo sana, haiwezi kushindana na 12. Nyumba inakuwa kama mtu anayenyonya maji kwa mrija, na mrija wenyewe ni bomba la moshi. Baridi inashuka kwa ndani, moshi unarudi.

Kilichomponza zaidi ni lile tanuru jipya. Zamani tanuru na hita vilikuwa vinatumia bomba moja kubwa, tanuru linalipasha bomba, moshi wa hita unasaidiwa. Tanuru likahama, hita ikabaki yatima kwenye bomba pana la baridi. Hii naiona karibu kila wiki.

Na kuna jambo la pili watu hawalifikirii, radoni. Idara ya afya ya Minnesota inasema nyumba 2 kati ya 5 hapa zina radoni ya juu. Ni gesi inatoka ardhini, haina harufu, inaleta saratani ya mapafu. Nyumba ikinyonya, inanyonya na kutoka chini ya sakafu ya besimenti pia.

#6 Mdau_Calgary

Sasa si uunganishe tu bomba la draya kwenye ile mashine ya kubadilisha hewa? Joto linabaki ndani, umemaliza. Au vile viboksi vya maji wanauza, unaelekeza venti humohumo ndani, maji yananasa nyuzinyuzi.

#7 FundiJoto

Usiunganishe kabisa mkuu. Kitovu cha ile mashine ni kama kurasa za kitabu, njia nyembambanyembamba, nyuzinyuzi za nguo zitaziba miezi michache tu halafu nyumba nzima inakosa hewa. Watengenezaji wenyewe wanakataza.

Kile kiboksi ni kwa draya ya umeme tu, na hata hiyo mimi sikishauri kwenye nyumba iliyozibwa, umemwaga lita 4 za mvuke ndani kwa saa moja. Kwa draya ya GESI ni marufuku, usijaribu hata siku moja, maana pamoja na mvuke unatoa na moshi wa gesi. Draya ya gesi lazima itoke nje, hakuna namna nyingine.

#8 PanganiMN

Asante fundi. Sasa nije kwenye uchaguzi, maana baada ya ule usiku draya ile sikuiwasha tena, tukawa tunakwenda kukausha dobi la sarafu wiki tano, na mimi nasoma.

Njia ya kwanza ilikuwa kubaki na venti na kutengeneza njia ya hewa ya kufidia, bomba la kuingiza hewa kutoka nje lenye mlango unaofunguka draya ikiwaka. Inafanya kazi. Ila fikiria unatoboa ukuta ulioulipia mamilioni kuuziba, uingize hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri, uipashe, uikaushie taulo, uitupe. Nikaona hapana.

Njia ya pili ni draya ya kondensa, haina venti, inapasha kwa waya kama ya kawaida ila mvuke unapozwa ndani unakuwa maji. Hewa haitoki nje, kwa hiyo suala la kunyonya limekwisha. Umeme ni uleule au unazidi kidogo, na joto lote linabaki chumbani, baridi ni faida, kiangazi ni jasho.

Njia ya tatu ndiyo niliyochukua, hiti pampu. Ukitaka kuielewa fikiria friji. Friji ina sehemu ya baridi na sehemu ya moto nyuma. Hii draya inazungusha hewa ileile tu, haitoki: inapita kwenye koili ya moto inapata joto, inapita kwenye nguo inabeba maji, inapita kwenye koili ya baridi maji yanadondoka, inarudi kwenye koili ya moto. Joto lililotumika kuvukiza maji linaokotwa tena na kutumika tena. Ndiyo maana inakula kidogo. Ya kwetu inachomekwa kwenye soketi ya kawaida ya volti 120, haikuhitaji ile breka kubwa ya ampea 30. Niliweka kipimo kwenye soketi mwezi mzima. Mzigo wa taulo uniti 1.4, mashati na nguo za shule chini ya 1. Maji inayatoa kwa mpira mdogo kwenye bomba lilelile la mashine ya kufulia. Siku ya kwanza niliuelekeza kwenye ndoo nione kwa macho, zikatoka lita 3 na ushee, maji safi, ya vuguvugu.

Kasoro zake nisizifiche. Inachelewa. Kilichokuwa dakika 50 sasa ni saa moja na dakika 50, blanketi zito ni zaidi ya saa mbili na nusu. Nguo hazitoki na ule moto wa kuunguza mkono, ukizishika unaweza kudhani bado mbichi, zikung'ute kidogo uzisubiri dakika moja, utakuta zimekauka. Mke wangu wiki ya kwanza alikuwa anazirudisha. Sasa anasema harudi nyuma, vitenge vyake na khanga havipauki kama zamani kwa sababu joto ni dogo. Bei yake iko juu kuliko ya venti. Kwa wenye kipato cha chini na cha kati ile sheria ya shirikisho ya 2022 iliweka punguzo la hadi dola 840 kwa draya ya hiti pampu, lakini kila jimbo linaendesha kivyake, uliza ofisi ya nishati ya jimbo lako kabla hujanunua, usiulize baada.

Na lile tundu la venti la zamani, lenye upana wa sentimita 10, tuliliziba. Kile kifuniko chake cha nje kilikuwa hakifungi sawasawa miaka yote, ukiweka mkono pale unasikia baridi inaingia kama mtu anapuliza.

#9 Stuttgart255

Huku Ujerumani hii ni kawaida miaka mingi, wengi tunaishi ghorofani, nani atakuruhusu kutoboa ukuta. Uswisi tangu 2012 hawauzi draya mpya isiyo ya hiti pampu, na kanuni mpya za Umoja wa Ulaya za Julai 2025 zimeelekea hukohuko.

Nina mambo mawili kutoka kwenye miaka kumi ya kuitumia. La kwanza, usiiweke kwenye stoo ya baridi au gereji. Inafanya kazi kwa kuokota joto, ukiiweka penye nyuzi 5 inahangaika saa tatu na nguo bado. Iweke ndani penye joto la kawaida. La pili, filta. Zina filta mbili mara nyingi, ya mlangoni unasafisha kila mzigo, ya chini angalia kila wiki mbili, na nyuma yake kuna koili yenyewe. Jirani yangu aliniita akasema draya yake imekufa, tukafungua kile kimlango cha chini, koili imevaa nyuzinyuzi kama blanketi la kijivu, unalibandua kipande kizima. Tukasafisha kwa brashi laini, ikarudi kuwa mpya.

Halafu jambo ambalo naona mnalisahau, kukamua. Mashine ya kufulia ikikamua kwa mizunguko 800 kwa dakika, nguo kilo 7 zinabaki na maji kama lita 5. Ikikamua kwa 1,400 zinabaki na lita 3 na nusu. Kila lita moja kuivukiza peke yake ni kama uniti 0.65, na draya ya kawaida inakula zaidi ya hapo. Kukamua hakuli hata robo ya hiyo. Mimi nakamua mara mbili taulo na jinzi, ndipo naziweka kwenye draya.

#10 PanganiMN

Kaka hapo kwenye kukamua umenipa kitu, nimejaribu leo na zile taulo, kutoka saa moja na dakika 50 imeshuka mpaka saa moja na dakika 25.

#11 Nyamira_Brooklyn

Hamjambo. Mimi niko Brooklyn Park, hukuhuku Minnesota, nimesoma hii yote usiku wa manane nikashtuka. Nyumba yetu ilizibwa mwaka jana, tukaweka na madirisha mapya. Draya ni ya gesi, tulipewa pamoja na nyumba. Hita ya maji pia ni ya gesi, iko kwa chumba kimoja na draya. Hiti pampu saa hii siwezi, mzee wangu amepunguziwa masaa kazini. Nifanye nini jamani? Na ile bomba inatoka nyuma ya draya ni ya plastiki nyeupe, inakunjika kama akodioni, imepita juu kwa dari ndio itoke nje upande ule mwingine wa nyumba.

#12 FundiJoto

Dada asante kwa kuuliza, na nisikilize vizuri.

Hilo bomba la plastiki litoe. Si baadaye. Zimamoto wa Marekani kwenye takwimu zao za 2008 mpaka 2010 walihesabu moto wa draya majumbani kama 2,900 kila mwaka, na sababu inayoongoza, asilimia 34, ni kutosafisha. Plastiki inayeyuka na kuwaka, na mikunjo yake ndiyo inayokamata nyuzinyuzi. Kwa draya ya gesi ndani yake unapita na moshi.

Bomba sahihi ni la chuma gumu, laini ndani, upana wa inchi 4. Viungo vyake vielekee upande hewa inakokwenda, vifungwe kwa tepu ya aluminiamu, siyo ile tepu ya kitambaa, inabanduka kwa joto. Skrubu zisichomoze ndani maana kila ncha inakusanya nyuzinyuzi. Urefu mwisho ni futi 35, na kila kona ya nyuzi 90 unapunguza futi 5. Yaani ukiwa na kona nne umebakiwa na 15. Kule nje weka kifuniko kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga ikizima, usiweke wavu, wavu unaziba. Na kiwe mbali na dirisha angalau futi 3.

Hilo la kupita darini ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Dari ni baridi, mvuke ukifika pale unageuka maji, maji yanalowesha nyuzinyuzi, yanaganda, bomba linaziba. Ukiweza hamisha draya au toboa ukuta wa karibu, futi 6 zilizonyooka ni bora kuliko futi 30 za kuzunguka. Ikishindikana kabisa, livishe insulesheni na lilale likiinamia nje kidogo maji yatoke.

Lakini hayo yote yanakuja baada ya hita. Kwanza pima hita.

#13 PanganiMN

Dada Nyamira, kipimo cha nyumbani kabla hujaita fundi, kinachukua dakika kumi. Chagua siku ya baridi. Funga madirisha na milango yote ya nje. Washa draya, washa feni ya jikoni, washa feni za bafuni. Funga mlango wa hicho chumba, ukiwa nje yake shika udi kwenye upenyo wa chini ya mlango: moshi ukivutwa kuingia chumbani, uache mlango umefungwa; ukisukumwa kutoka, uache wazi. Halafu fungulia maji ya moto bombani mpaka hita iwake, subiri dakika tano. Chukua kijiti cha udi kikiwa kinatoa moshi, kishike karibu na kile kikofia juu ya hita, usiguse, ni moto. Moshi wa udi ukinyonywa kwenda ndani ya bomba, uko salama kwa leo. Ukirudishwa kwako, zima kila kitu, fungua dirisha, toka na watoto, piga simu ya dharura ya kampuni ya gesi. Usibaki ndani kuhakikisha mara ya pili.

Na kengele za kaboni monoksidi, sheria ya Minnesota inataka iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Angalia tarehe nyuma yake, zina mwisho wa matumizi. Hata kipimo kikitoka kizuri, kengele iwepo, maana kipimo kinasema hali ya siku ile tu. Tafadhali tujulishe, nitakuwa naangalia hapa.

#14 Nyamira_Brooklyn

Nimefanya jioni hii, mzee wangu ameshika tochi mimi nimeshika udi. Mwanzo moshi ulisimama tu. Halafu draya ikashika kasi, ukaanza kushuka, ukageuka ukanijia usoni. Sikungoja. Nimewatoa watoto tukaenda kwa jirani tukapiga simu.

#15 PanganiMN

Alhamdulillah mmetoka. Msirudi mpaka watu wa gesi wapime na wawaambie wenyewe. Mmepata kichwa kuuma, kichefuchefu, watoto wamelegea? Kama ndiyo waambie hao wa gesi na muende hospitali usiku huuhuu, msilale nayo.

#16 Nyamira_Brooklyn

Hakuna mwenye ameumwa kichwa, asante kaka. Ila nikikumbuka, majuzi msichana wangu alikuwa anaamka amechoka siku tukifua usiku, nikidhani ni shule. Nitampeleka daktari kesho nimwambie yote.

Jamaa wa gesi amekuja na mashine yake, ameweka karatasi nyekundu kwa hita na kuifunga. Amesema draya isiwashwe mpaka hita itolewe, ama iwekwe ya stima. FundiJoto nimekutumia ujumbe, naomba uje uangalie hiyo bomba ya dari pia.

#17 FundiJoto

Nimeuona dada. Jumamosi saa tatu asubuhi niko hapo, hela ya kuangalia sitaki. Kwa hali yenu, hela ya kwanza iende kwenye hita, ya umeme au ya gesi yenye feni na bomba lake lililofungwa. Bomba la draya tutalifupisha kwa chuma. Hiti pampu mtanunua mkijaliwa, na siku hiyo hilo tundu tutaliziba.

#18 Nyamira_Brooklyn

Asanteni wote. Kwa sasa nimekamua mara mbili vile yule wa Ujerumani alisema, nikaanika juu ya viti na kwa reli ya ngazi, mzigo mmoja tu, na ile mashine ya hewa nimeiongeza speedi. Asubuhi nimeguza soksi za watoto, zote zimekauka, na kwa dirisha hakuna maji.